Sumu ya Bustani Mdomoni mwa Mbwa na Paka: Utangulizi

Konokono mkubwa wa Afrika, yule mwenye gamba la kahawia lenye michirizi ambaye masika yakianza utamkuta amejibandika ukutani au chini ya jani la mgomba, ni mwenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki. Watu ndio waliomsafirisha. Alipelekwa kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi, akafikishwa Kolkata mwaka 1847, akaenea Asia na Pasifiki, na mwaka 1966 mtoto mmoja akaingia naye Miami kutoka Hawaii. Jimbo la Florida limetumia miaka mingi na fedha nyingi kumtokomeza, na alipoonekana tena mwaka 2022 katika wilaya ya Pasco, maofisa wa kilimo walimwaga chembe za metaldehaidi katika nyua za watu. Chembe za aina hiyo zinauzwa pia huku alikotoka konokono mwenyewe, kwenye maduka ya pembejeo, kwa watu wenye matuta ya mchicha na sukumawiki nyuma ya nyumba.

Vaa glavu, chukua chembe moja uitazame. Ina ukubwa wa punje ya mchele, imetiwa rangi ya bluu au kijani, na harufu yake si ile kali ya kemikali. Ni harufu ya pumba. Kiwanda kimeisaga sumu na kuichanganya na nafaka, wakati mwingine pamoja na kitu kitamu, kwa sababu konokono hagusi kisichomvutia. Rangi imewekwa ili kumwonya binadamu na kuwafukuza ndege. Mbwa, ambaye huamua la kula kwa pua, hana habari na rangi hiyo. Kwake mfuko ulioachwa wazi chini ya ngazi ni chakula.

Karibu, basi, katika elimu hii. Jina lake rasmi ni toksikolojia ya wanyama, tawi la udaktari wa mifugo linalochunguza sumu inavyoingia mwilini, inachokifanya humo, na namna ya kuikabili. Kurasa hizi zinashughulikia sehemu yake moja tu: vitu tunavyovileta bustanini kwa nia njema, kuua wadudu na panya au kustawisha maua, vikaishia tumboni mwa mbwa, paka na kuku wa nyumba ileile. Vitabu vingi huanza na orodha ya kemikali. Mimi nakuomba uanze na mnyama: anavyonusa, anavyokula, anavyojiramba, na ini lake linavyofanya kazi. Kemikali ileile inaweza kumwacha mbwa mzima na kumuua paka aliyelala ubavuni mwake. Lebo ya dawa ya viroboto vya mbwa itakukataza kumpaka paka, lakini haitakueleza sababu, na asiyejua sababu huvunja katazo siku anapoona kopo limebaki nusu.

Kanuni ya kwanza tuliirithi kwa Paracelsus, tabibu wa karne ya 16 huko Uswisi na Ujerumani, aliyefundisha kwamba kipimo ndicho kinachokifanya kitu kiwe sumu. Tuitumie kwenye chembe ile ya konokono. Kwa mbwa, metaldehaidi inaweza kuua kuanzia takriban miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito wake. Mbwa wa kilo 10 anahitaji gramu 1. Chambo chenye asilimia 3 ya metaldehaidi kitampa gramu hiyo katika gramu 33 za chembe, kiasi cha ukufi mmoja, na mbwa mwenye njaa huumaliza kabla mwenye nyumba hajatoka kufungua geti. Hesabu hii ni ya darasa la tano, lakini ndiyo inayomwezesha daktari kuamua kama mgonjwa arudi nyumbani au alazwe. Ndiyo maana daktari anauliza uzito wa mbwa na ukubwa wa pakiti kabla ya kuuliza jina lake.

Dalili huanza ndani ya nusu saa hadi saa tatu. Mbwa hatulii, anahema, anadondosha mate, misuli inatetemeka. Mlango ukibamizwa anashtuka mwili mzima. Kisha degedege. Misuli isiyopumzika huzalisha joto, na mwili ambao kwa kawaida una nyuzi 38 au 39 hupanda kupita 42, na joto hilo peke yake linatosha kuharibu ini na ubongo. Metaldehaidi haina dawa maalumu ya kuitengua. Daktari anazuia degedege, anampoza mgonjwa, anasafisha tumbo akiwa chini ya ganzi, anasubiri. Wengi wanaofikishwa mapema wanapona. Uingereza iliamua kwamba hatari hiyo kwa ndege na mamalia haivumiliki, ikapiga marufuku matumizi yake nje ya nyumba kuanzia mwisho wa Machi 2022, na wakulima wake wakahamia kwenye chambo cha fosfati ya chuma, ambacho ni salama zaidi, ingawa mbwa akila kwa wingi madini ya chuma nayo humdhuru.

Pua ya mbwa inaeleza ajali nyingi zaidi ya hiyo. Inaeleza kwa nini hufukua waridi lililopandwa jana: shimoni mna unga wa mifupa, na akila mwingi hugandamana tumboni kuwa donge gumu linalohitaji upasuaji. Inaeleza pia hatari ya mashudu ya mbarika, ambayo nadhani haijapewa uzito unaostahili katika nchi zinazohimiza mbolea za asili. Mbegu za mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, zikikamuliwa, mafuta hutoka bila sumu. Risini ni protini isiyoyeyuka katika mafuta, kwa hiyo yote hubaki kwenye mashudu. Kiwanda kinachoyapasha joto la kutosha huivunja. Mkamuaji mdogo asiyefanya hivyo anauza mbolea nzuri yenye naitrojeni na sumu kali kwa pamoja. Risini huingia ndani ya seli na kusimamisha utengenezaji wa protini. Ndiyo iliyomuua Georgi Markov, mwandishi wa Bulgaria, jijini London mwaka 1978. Kwa mbwa, saa kadhaa hupita bila dalili, pengine siku nzima, kisha huja matapishi, kuhara damu na udhaifu. Mtu anayeitumia mbolea hii karibu na mbwa aifukie chini kabisa, aimwagilie, na amfungie mbwa nje ya kitalu kwa wiki kadhaa. Na kama hawezi, atafute samadi.

Mboji nayo imo. Rundo lenye mkate uliooza na mabaki ya wali huota ukungu, na baadhi ya kuvu hao hutengeneza sumu za kutetemesha misuli ambazo dalili zake zinafanana sana na za metaldehaidi. Machicha ya kahawa yana kafeini. Maganda ya kakao, yanayotandazwa bustanini Ulaya na Marekani, yana theobromini, kemikali inayomdhuru mbwa katika chokoleti. Kwetu yanahusu zaidi maeneo kama Kyela kunakolimwa kakao.

Paka ni habari nyingine. Yeye hali ovyo kama mbwa; hunusa, hughairi, huondoka. Kinachompata hakipitii uroho. Tazama paka anayerudi kutoka bustanini jioni. Anakaa, anainua mguu wa mbele, anaramba katikati ya vidole, anahamia ubavuni, mkiani, na kazi hiyo anaifanya kwa bidii mpaka imalizike. Unga wowote, tone lolote, chavua yoyote aliyoipitia inahamia tumboni hata kama asingekubali kuila.

Ikishafika humo, inakutana na ini lisilo kama la wanyama wengine, na hapa pareto yetu inaingia katika hadithi. Nyanda za juu za Kenya kuzunguka Nakuru na Nyandarua, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, na miteremko ya volkano kaskazini mwa Rwanda, zimelima ua hili jeupe lenye kitovu cha njano kwa vizazi kadhaa. Vita Kuu ya Pili ilipokata biashara ya Japani, Kenya ndiyo iliyokuwa mzalishaji mkubwa duniani. Sumu ya pareto hushika njia za sodiamu kwenye mishipa ya fahamu ya mdudu na kuziacha wazi, mshipa ukapiga ujumbe bila kukoma mpaka mdudu anaanguka. Kasoro yake kibiashara ni kwamba jua huivunja upesi. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, iliyoundwa kwa kuiga kemikali za ua hilo lakini yenye kuhimili jua. Leo imo katika vyandarua, katika dawa za kupulizia maua, katika unga wa mchwa na siafu, na katika matone ya kupaka shingoni mwa mbwa kuzuia viroboto na kupe.

Mbwa huivumilia kwa sababu ini lake huivunja haraka na kubandika juu ya mabaki yake asidi ya glukuroniki, ili yayeyuke na kutoka na mkojo. Paka hana uwezo huo wa kutosha. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba jeni ya kimojawapo cha vimeng'enya vya kazi hiyo, UGT1A6, imeharibika kwa paka: imo katika urithi wake lakini haitengenezi chochote. Mwaka 2011 utafiti mwingine ulikuta kasoro hiyohiyo katika jamii nzima ya paka, duma na simba wakiwamo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba vimeng'enya hivi viliwafaa zaidi wala mimea, kwa sababu majani na mbegu zimejaa kemikali za kujilinda. Jamii iliyokula nyama tupu kwa mamilioni ya miaka iliweza kupoteza chombo hicho bila kudhurika, mpaka binadamu alipoleta makopo yake. Kwangu mimi huu ndio ukurasa mzuri kuliko yote katika elimu hii, kwa kuwa unaunganisha mbuga ya Serengeti, ua la Nyandarua na paka wa jikoni katika sababu moja. Ndiyo pia sababu kidonge kimoja cha paracetamol, ambacho wengi humpa paka kwa huruma, kinaweza kumuua.

Matone ya mbwa huwa na permethrini asilimia 45 hadi 65. Paka akipakwa matone hayo, au akilala na kumramba mbwa aliyepakwa muda mfupi uliopita, huanza kwa kutikisa masikio na ngozi ya mgongo, kisha kutetemeka mwili mzima, kisha degedege inayoweza kudumu siku mbili au tatu. Tiba huanza na kitu kilicho katika kila jiko: sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maji ya uvuguvugu, na kumwosha taratibu mpaka mafuta ya dawa yatoke. Maji yasiwe ya moto, yanayofungua mishipa ya damu ya ngozi, wala yasiwe baridi, kwa sababu paka anayepoa huchelewa zaidi kuiondoa sumu.

Kwa paka nitaongeza ua moja tu. Yungiyungi za jenasi Lilium, zile ndefu zenye harufu zinazouzwa kwa mafungu na wauza maua mijini, huharibu figo zake ndani ya siku moja hadi tatu. Jani moja linatosha, na chavua aliyoiramba kutoka kwenye manyoya, na maji ya chombo cha maua. Mbwa akila lilelile hutapika tu. Mwenye paka asiliingize ua hili nyumbani.

Kundi linaloua wanyama wengi kwetu, na watu pia, ni viuatilifu vya organofosfati na kabamati. Historia yake inatisha. Desemba 1936 Gerhard Schrader, mwanakemia Mjerumani aliyekuwa akitafuta kiuadudu kipya, alitengeneza tabuni, na jeshi la nchi yake likaichukua kuwa silaha. Binamu zake dhaifu, kama klorpirifosi, diazinoni na dimethoeti, ndio waliojaa kwenye rafu za maduka ya pembejeo kwa miongo. Kazi yao ni moja. Mwili hutumia asetilikolini kupeleka ujumbe kutoka mshipa wa fahamu hadi kwenye misuli na tezi, na kimeng'enya huifuta mara ujumbe ukifika. Sumu hizi hukizuia kimeng'enya hicho. Mate yanamwagika, machozi, mkojo, kuhara. Mboni za macho zinasinyaa kuwa nukta. Mapafu yanajaa ute na mnyama anazama akiwa nchi kavu. Atropini hutengua sehemu kubwa ya hayo, na inafaa ujue kwamba kemikali hiyo imo ndani ya mnanaha, gugu linaloota kwenye majalala yetu na ambalo lenyewe humtia mbwa au mbuzi wazimu akilila. Daktari wa mifugo huipima kwa kutazama mate na mapigo ya moyo, akiongeza kidogo kidogo mpaka kifua kikauke.

Kabofurani ni ya ukoo huo. Chembe zake za zambarau zilitengenezwa kufukiwa shambani dhidi ya wadudu wa udongoni. Wafugaji waliopoteza ng'ombe walizitia kwenye mizoga, na simba na tumbusi wakafa kwa wingi Kenya; mwaka 2009 mtengenezaji alianza kuzinunua tena kutoka maduka ya Afrika Mashariki. Mjini, sumu za namna hiyo huonekana katika umbo jingine: chambo cha nyama kinachorushwa juu ya ukuta usiku ili kumnyamazisha mbwa wa ulinzi. Kuku nao huokota chembe wakidhani ni mtama, na ndege mdogo hahitaji zaidi ya moja.

Tatizo letu hasa ni chupa. Muuzaji hufungua kopo kubwa na kumpimia mteja kiasi cha fedha aliyonayo, kwenye chupa ya maji au ya soda, bila lebo. Mteja akifika nyumbani huiweka juu ya dirisha la jiko. Lebo halisi ina jina la kiambato, kiwango chake, na mkanda wa rangi chini: mwekundu kwa sumu kali kabisa, njano, bluu, na kijani kwa zenye hatari ndogo. Vyote hivyo vimebaki dukani. Nchini Tanzania usajili wa viuatilifu uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyorithi kazi ya taasisi ya utafiti ya TPRI ya Arusha. Kenya ina bodi yake. Kazi yao ya kusajili ni kubwa, lakini inaishia pale kopo linapofunguliwa.

Sumu ya panya inastahili sura yake, kwa sababu inamfundisha mwanafunzi kuuheshimu muda. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walianza kufa kwa kuvuja damu. Kukata pembe kulitosha kumuua ndama. Frank Schofield, daktari wa mifugo huko Ontario, aligundua kwamba walikula nyasi za klova tamu zilizoota ukungu. Februari 1933, mkulima mmoja wa Wisconsin aliyekata tamaa aliendesha gari kwenye dhoruba ya theluji akiwa na ndama aliyekufa, mzigo wa nyasi zake, na debe la maziwa lililojaa damu isiyoganda, akabisha hodi katika maabara ya Karl Paul Link jijini Madison. Damu ile ilimfanya Link aache mengine. Mwaka 1939 maabara yake ilipata fuwele za kemikali husika, na kutokana nayo ikatengenezwa warfarini, iliyoingia sokoni kama sumu ya panya mwaka 1948 na baadaye ikawa dawa ya binadamu wenye damu inayoganda ovyo.

Warfarini huzuia ini lisiitumie tena vitamini K, ambayo bila yake protini za kugandisha damu hazikamiliki. Lakini protini zilizokwishatengenezwa bado zinazunguka mwilini, kwa hiyo siku ya kwanza haitokei kitu. Siku ya pili haitokei kitu. Mbwa anacheza, anakula. Kati ya siku ya tatu na ya tano akiba inakwisha. Mfunue mdomo: ufizi uliokuwa wa waridi umekuwa mweupe kama karatasi, na ukiubonyeza kwa kidole rangi inachelewa kurudi. Ana kikohozi kidogo, au anachechemea kwa damu iliyojaa kwenye goti, au amevimba tumbo. Mwenye mbwa hakumbuki tena kile kipande cha kijani alichokiona kibarazani Jumapili. Panya walipoanza kuizoea warfarini, jambo lililobainika Uskoti mwaka 1958, viwanda vilitengeneza kizazi cha pili, kama brodifakumu, kinachoua kwa mlo mmoja na kukaa kwenye ini kwa miezi. Paka akimla panya aliyelishwa sumu hiyo naye huikusanya, na bundi pia, yule ndege tunayemfukuza kwa mawe ilhali familia yake moja hula panya wengi kila usiku.

Habari njema ni kwamba hii ndiyo sumu inayotibika vizuri kuliko nyingi. Vitamini K1 ya vidonge, pamoja na chakula chenye mafuta, kwa wiki nne hivi, kisha damu ipimwe siku mbili au tatu baada ya kidonge cha mwisho. Iwe K1. Vitamini K3 iliyo kwenye mchanganyiko wa chakula cha kuku haifanyi kazi hii, na nimeona watu wakiitegemea kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. Usiichanganye pia sumu ya jamii ya warfarini na sumu nyingine ya panya, zinki fosfaidi, unga mweusi wenye harufu kama ya kitunguu saumu. Hiyo ikikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya fosfini, na huua kwa saa chache. Daktari anayemtapisha mnyama huyo afanye hivyo nje au dirisha likiwa wazi, maana gesi hiyo humdhuru naye.

Neno kuhusu maziwa. Kwetu mtu au mnyama akinywa sumu, mkono wa kwanza hukimbilia maziwa au mafuta ya kula. Sumu nyingi za wadudu huyeyuka katika mafuta, na kuzipa mafuta ni kuzisaidia kuingia. Mnyama mwenye degedege akimiminiwa kitu mdomoni hukivuta mapafuni. Chumvi ya kumtapisha inaweza kumuua kwa sodiamu. Mkaa wa jikoni uliopondwa hauna nguvu ya mkaa maalumu unaotumika hospitalini, ambao umetobolewa matundu madogo yasiyoonekana ili unase kemikali. Linalofaa ni kumtoa mahali penye sumu, kuosha ngozi kama ndiyo iliyoguswa, kuchukua pakiti au picha yake, kukadiria kilicholiwa na saa, na kuondoka kwenda kwa daktari wa mifugo. Kama ametapika, matapishi yatiwe kwenye mfuko yaende naye.

Si kila kitu kinachouzwa bustanini ni cha kuogopewa kwa kiwango kimoja, na mwanafunzi asiyejua kutofautisha atawachosha watu kwa maonyo. Dawa ya magugu ya glifosati, kwa mfano, mara nyingi humletea mbwa aliyekula majani yaliyopuliziwa kutapika na udenda tu. Paraquati, inayotumika kwa kazi ileile, hujikusanya mapafuni na kumuua polepole bila tiba. Yurea humsumbua mbwa tumbo. Mbuzi akiilamba kwenye gunia ni dharura, kwa kuwa vijidudu vya tumbo lake la kwanza huigeuza kuwa amonia kwa dakika chache. Bustani ni moja na gunia ni moja. Hatari inabadilika kwa kutegemea nani amefika kwanza.

Elimu hii ilikua pale watu walipoanza kuandika visa. Mwaka 1978 William Buck alianzisha katika Chuo Kikuu cha Illinois huduma ya simu ya sumu za wanyama, ambayo baadaye ilichukuliwa na shirika la ASPCA, na kutokana na simu hizo mamia ya maelfu ndipo ilipojulikana, kwa mfano, kwamba yungiyungi huua figo za paka na kwamba zabibu huua za mbwa. London ina huduma ya namna hiyo. Kwetu visa vimetawanyika katika madaftari ya kliniki, na vingi huishia kwa maneno mawili: alilishwa sumu. Sumu gani, haijulikani, kwa sababu mzoga ulizikwa asubuhi ileile.

Hapo ndipo kazi yako inaposubiri. Sampuli zinazotakiwa ni rahisi: vitu vya tumboni, kipande cha ini, figo, na chambo kama kimepatikana, kila kimoja kwenye chombo chake kilichoandikwa tarehe na mahali, kwenye barafu, bila formalini. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na za vyuo, kama Sokoine pale Morogoro na Kabete ya Nairobi, zinaweza kuzipima. Kabla hata ya mizoga kuna pakiti. Dawa za panya zisizo na jina zinauzwa kila siku katika masoko ya Kariakoo, Kongowea na Gikomba, na anayezinunua kwa mpangilio, soko kwa soko na msimu kwa msimu, akazipima na kuchapisha zilizomo, atamwezesha daktari wa mji huo kujua, mbwa akiwa bado mezani, kama aandae atropini, vitamini K1, au dawa ya degedege peke yake.